Karani Asiye wa Mitko

Jumatano, 18 Oktoba

"Kazi ya karani wa nyumba ya kusomea ni ya saa nne tu kwa siku, na kwa saa nne yeyote ajuaye kusoma na kuandika atatosha." Hivyo ameandika Dimitar Gaydarov, ambaye mji mzima humwita Mitko, mwenyekiti wa chama cha wawindaji, katika gazeti la wilaya, ukurasa wa nne, chini ya tangazo la kuni.

Atatosha. Kwa lipi? Karani anashika funguo. Karani anashika muhuri. Karani anaandika mihtasari ya mikutano, na aandikaye muhtasari ndiye aamuaye nani alisema nini. Wafalme wengi hawakuwa na nguvu hizo, na waliokuwa nazo walinyongwa na makarani wao. Bwana huyu ameua nguruwe mwitu kumi na tisa, kwa maneno yake mwenyewe, na hajamaliza kitabu hata kimoja, kwa ushahidi wa kadi yake ya maktaba, ambayo ninayo hapa mezani.

Najua anachotaka. Anataka ofisi yangu.

Mimi ni mwenyekiti wa Nyumba ya Kusomea "Zora" mwaka wa kumi na mbili huu. Tuna maktaba, jukwaa, kwaya ya wanawake, na ofisi moja yenye jiko la kuni. Karani wetu wa nusu siku alikwenda Ujerumani mwezi wa nane kulea wazee wa watu. Leo imekuja barua ya manispaa. Nafasi yake ijazwe kabla ya Ijumaa tarehe 27, saa sita mchana, na ikae imejazwa mpaka mwezi uishe. La sivyo inafutwa, na ofisi pamoja na jiko wanapewa wawindaji, ambao wameomba kwa maandishi. Bila karani, maktaba itafungwa mchana. Mimi nilijifunza kusoma katika chumba kile, mgongo wangu ukielekea jiko lile. Simwachii Mitko.

Maombi matatu yamefika. Matatu, katika mji ambao mwaka mzima nasikia hakuna mtu anayetaka kazi. Nani amewatuma?

Alhamisi, 19 Oktoba

Usaili wa kwanza. Yordanka Ruseva, miaka arobaini na sita, aliyekuwa karani wa kiwanda cha samani mpaka kilipofungwa. Tulikaa mimi na Stoyna, mkutubi wetu, ambaye ameishi na vitabu miaka thelathini na bado anaamini watu.

Yordanka alifika dakika tano kabla. Wasifu wa ukurasa mmoja, hauna kosa. Nikamsomea barua aiandike. Akaichapa huku ananitazama usoni, na akarekebisha sentensi yangu moja. Alikuwa na haki ya kuirekebisha. Nilimwuliza kwa nini mtu hodari hivi anataka nusu siku. Akasema mama yake ni mgonjwa, mchana lazima awe nyumbani. Jibu tayari kabisa, limekunjwa vizuri kama leso mfukoni.

Nikamwuliza anawaonaje wawindaji. Akasema hana maoni. Hana maoni. Katika mji huu hata mbwa wana maoni juu ya wawindaji.

Alipotoka, Stoyna akasema, "Mwalimu, huyu mpe kazi leo hii, sote tulale usingizi." Nikamwambia dola nyingi zimeanguka watu wake wakiwa usingizini. Akaniuliza kama kahawa nanywa na sukari au na dola.

Ijumaa, 20 Oktoba

Asubuhi, Plamen Dochev. Miaka thelathini na minane. Amerudi kutoka Hispania, alikopakia machungwa miaka tisa na kujenga nyumba za watu mwishoni mwa juma. Hajui kunyamaza. Kuingia tu, akatazama dari, akatazama dirisha, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasema, "Huu si ukuta, jirani, ni mbao na chokaa. Ukiutoa unapata ukumbi wa maana." Kwanza, mimi si jirani yake. Pili, ni nani huenda kwenye usaili akagonga kuta? Anayepima chumba kwa niaba ya mwingine. Pale pale nikaviona vichwa vya nguruwe vimetundikwa.

Alasiri, Ralitsa Mincheva. Miaka ishirini na tisa. Ameolewa hapa majira ya baridi yaliyopita na mwoka mikate wa mtaa wa juu. Kwao ni kijiji cha upande wa pili wa mlima. Anasema kidogo. Ana cheti cha ukarani, na mwandiko mdogo ulionyooka kama mistari ya bustani. Hakuleta barua ya kumsifu. Nikamwuliza anawajua akina nani hapa mjini. "Wachache, Mwalimu. Mwaka wangu haujatimia." Nikaandika pembeni: hana mtu. Halafu nikaongeza: au amefundishwa kuonekana hana mtu.

Stoyna anasema wote watatu wanafaa. Hilo ndilo linalonitisha. Mwombaji mmoja anayefaa ni bahati. Watatu ni mpango.

Jumamosi, 21 Oktoba

Na mimi nina mpango. Kila mmoja apewe siri yake, tofauti na za wenzake. Siri itakayofika kwa Mitko itanionyesha nani ni mtu wake. Ni mtego wa zamani. Nimeusoma katika vitabu viwili vya historia, na katika vyote viwili ulinasa.

Nikawaita kwa mazungumzo ya pili, saa nne, saa tano na saa sita, wasikutane. Yordanka nikamwambia tunanunua piano. Plamen nikamwambia tunakata mti wa jozi wa uani. Ralitsa nikamwambia kwaya ya wanawake italetewa kiongozi mwanamume kutoka Sofia. Kila mara niliinama, nikashusha sauti, nikatazama mlango.

Yordanka alisema piano ni jambo jema. Plamen alisema atakuja na msumeno wake mwenyewe. Ralitsa aliuliza kama hilo liingie kwenye muhtasari. Nikamwambia siri haiandikwi. Akaweka kalamu chini.

Sasa nangoja. Nimekula chakula cha mchana kwa raha, mara ya kwanza juma hili.

Jumapili, 22 Oktoba

Foleni ya mkate, saa nne asubuhi. Mbele yangu Mitko, na ile kofia yake yenye unyoya. Akageuka. "Mwalimu, nasikia unakata jozi upate mbao za piano, halafu unamleta mwanamume wa Sofia awapigie akina mama." Foleni nzima ikacheka. Hata muuza mkate.

Siri zote tatu, zimepikwa chungu kimoja, ndani ya saa ishirini na mbili. Basi wote watatu ni wake. Au wawili wake, na wa tatu kaghilibiwa. Au mmoja tu, lakini mwenye masikio ya popo.

Zlatina, mke wangu, ana maelezo mengine. Anadai Ijumaa jioni nilifanya mazoezi ya siri hizo jikoni, kwa sauti ya darasani, dirisha wazi, na chini ya dirisha yeye na majirani wanne walikuwa wakichoma pilipili za akiba ya baridi. "Tulizima hata redio, bwana wangu. Ile ya kwaya uliirudia mara tatu. Majirani waliipenda zaidi ile ya piano, wanasema uliisoma kwa hisia."

Maelezo dhaifu. Mtego haulaumiwi kwa kunasa wengi.

Jumanne, 24 Oktoba

Kwaya imekuja ofisini, wanawake kumi na mmoja. Wawili walileta shukrani kwa sababu ya piano, tisa walileta hasira kwa sababu ya mwanamume. Mkubwa wao, mwenye sauti ya chini kabisa, akanisogelea mpaka mezani. "Evlogi, sisi tulikuwa tunaimba bila mwanamume kabla wewe hujaota ndevu. Huyo wako mwambie abaki Sofia, achane na roho zetu." Nikawaeleza kwamba hakuna mwanamume wala piano. Wale wawili wa shukrani wakaondoka na hasira kubwa kuliko wale tisa.

Yordanka amepiga simu. Daktari wa meno naye anamtaka, angependa jibu langu kabla ya Ijumaa. Anaharakisha. Mwenye nia safi haharakishi.

Stoyna anasema zimebaki siku tatu. Kana kwamba mimi sina kalenda.

Jumatano, 25 Oktoba

Kalenda ndiyo iliyoniokoa. Kesho ni Mtakatifu Dimitri. Kila mwenye jina hilo, na Dimitar wetu Mitko akiwamo, atafungua mlango wake, na kwenye siku ya jina haalikwi mtu: anayekupenda huja mwenyewe, na asiyekuja amesema neno lake. Isitoshe, enzi za babu zetu siku hiyo ndiyo wachungaji na vibarua walimaliza mkataba na wapya wakatafutwa. Hata watakatifu wako upande wangu.

Basi nitakaa mkabala na lango la Mitko kutwa nzima na daftari. Nitaandika kila aingiaye. Mwombaji asiyeingia ndiye karani wangu.

Zlatina akauliza kama mimi mwenyewe sitaenda. Sikanyagi. Akasema yeye ataenda, na banitsa, andazi la matabaka lenye jibini, kwa sababu Mitko alishika kona moja ya jeneza la mama yangu wakati binamu zangu walikuwa wanatafuta maegesho. Nikaenda kuchonga penseli.

Alhamisi, 26 Oktoba

Tangu saa tatu asubuhi nimekuwa kazini. Mkabala na Mitko anakaa mzee Gancho, na kuni zake za baridi zimemwagwa mbele ya nyumba, lundo la kimo cha mtu. Nikajibanza nyuma yake na kiti cha kukunja. Lango lote naliona.

Saa nne, padri. Namba moja. Baada yake muuguzi, mpiga akodioni, familia ya fundi viatu yote.

Saa nne na nusu mzee Gancho akatoka na toroli, akaanza kuingiza kuni bandani. Nilimwomba aache mpaka kesho. Akasema mvua inakuja. Nikasema ni jambo la nyumba ya kusomea. "Kuni hazisomi, Mwalimu," akasema, akajaza toroli.

Saa sita na dakika kumi, Yordanka, na maua saba ya krisantemu. Nimeyahesabu. Usiyemjua unampelekea matatu, kwa adabu. Saba ni mazoea. Kwisha habari yake.

Saa saba, Plamen, na ngazi. Mtu haendi kwenye sherehe na ngazi. Baada ya muda nikamwona juu ya paa la Mitko, anagonga mfereji wa maji kwa nyundo na kuimba Kihispania. Kwisha na yeye.

Saa saba na nusu, namba arobaini na moja: Zlatina, na banitsa. Nimeandika. Daftari halina ndoa.

Saa nane, nikiwa nimekaa, lundo lilikuwa linanifika kifuani. Saa tisa, magotini. Wapitao walikuwa wananisalimu kwa jina. Mpiga akodioni aliniuliza kama naye nimemwandika, na kama nimeandika jina la ukoo vizuri, maana huwa wanakosea. Nikamwambia napumzika tu.

Kisha Mitko mwenyewe akavuka barabara na sahani, akaiweka juu ya magogo yaliyobaki. "Anayekaa mbele ya lango langu siku ya jina langu ni mgeni wangu, atake asitake. Kula, Mwalimu, utaanguka." Sarma nane, majani ya kabichi yaliyoviringwa nyama na wali. Nikala, kwa ajili ya uchunguzi. Na lazima niseme kweli hata juu ya adui: kazi safi. Zote urefu mmoja, ncha za jani zimekunjwa ndani, hakuna hata moja iliyofunguka. Aliyezikunja angeweza kupanga mafaili ya wizara.

Saa kumi na moja mzee Gancho alichukua gogo la mwisho, akauliza kama na mimi aniingize bandani.

Jumla ya walioingia: tisini na watatu. Ralitsa Mincheva hayumo. Kutwa nzima lango la Mitko halikumwona. Mji wa watu elfu tatu, na mmoja tu ni safi. Mmoja anatosha.

Ijumaa, 27 Oktoba

Saa tatu kamili nilikuwa kwenye duka la mikate na mkataba. Ralitsa aliusoma wote, mpaka maandishi madogo, akanawa mikono, akausaini. Mumewe, na unga mpaka kwenye nyusi, alinishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Akasema jana mkewe alisimama tangu alfajiri hata miguu ikavimba, lakini leo anaimba. Sikuuliza alisimama wapi. Watu wa mikate husimama.

Saa tano na dakika thelathini na tano nikafika manispaa. Ofisa wa utamaduni, mwanamama anayetafuna mbegu za alizeti toka nimjue, akaanza kusema kwamba Mitko alipita pale asubuhi na barua. Nikamkatiza: jina hilo silisikilizi leo. "Lakini Mwalimu, ni jambo la..." Nikasema hata kesho silisikilizi. Akainua mabega, akagonga muhuri.

Nafasi imejazwa. Chumba chetu. Jiko letu. Nimenunua halua, tumekula mimi na Stoyna chini ya rafu ya historia. Alifuta macho, akasema ni vumbi. Yordanka nimemwandikia kadi fupi ya kumshukuru kwa muda wake. Sikutaja krisantemu.

Jumatatu, 30 Oktoba

Niandike kwa utaratibu.

Ralitsa alifika saa mbili. Kufika saa nne kadi zote za wanachama zilikuwa zimepangwa, na alikwishagundua kwamba ishirini na saba kati yao ni marehemu na mmoja wao alipiga kura mwaka jana. Saa tano akawasha jiko na moshi ukatoka kwa bomba, si kwa mlango kama siku zote. Mama mmoja aliyeleta vitabu aliuliza kama ameingia nyumba nyingine. Nilisimama katikati ya ofisi nikajiambia: Evlogi, unajua kuchagua watu.

Saa sita mlango ukafunguka. Mitko, na gudulia la mboga za siki kwapani. Ralitsa akainuka, akambusu mkono. "Karibu, msimamizi."

Msimamizi. Mitko ndiye aliyesimamia ndoa yake, kule kijijini kwao, ng'ambo ya mlima. Na kwetu msimamizi wa ndoa ni zaidi ya baba. Baba unaweza kubishana naye.

Nikamwuliza Ralitsa alikuwa wapi siku ya Mtakatifu Dimitri. Akasema alikuwa kwa msimamizi wake, jikoni, tangu saa kumi na moja alfajiri. Aliingia kwa mlango wa nyuma, gizani, kama wanavyoingia wapishi, akatoka wageni walipokwisha. Sarma mia nne alizikunja yeye. "Wewe ulikula nane, Mwalimu. Sahani ilirudi tupu, nikafurahi."

Nikamwuliza kwa nini alinificha. Hakupandisha sauti. "Sikukuficha. Uliniuliza nawajua akina nani, nikasema wachache. Hukuniuliza ni akina nani."

Mitko akavua kofia. "Mwalimu, ngoja. Kuna kitu lazima ukijue kabla hujafanya jambo." Nikamwambia nimekwisha kumsoma, na tofauti na yeye, mimi nikianza kusoma kitu huwa namaliza. Nikamwonyesha mlango.

Katika kipindi cha majaribio mwajiri anaweza kuvunja mkataba bila taarifa ya mapema. Niliuvunja saa sita na dakika ishirini. Barua ya kumwachisha kazi ilibidi aichape mwenyewe, kwa sababu kompyuta ile mpya mimi siijui. Haikuwa na kosa hata moja. Alisimama akitazama jiko, akaongeza gogo moja ili Stoyna asishikwe na baridi, akavaa koti. Stoyna alivua miwani na hakuivaa tena mpaka jioni.

Barua niliipeleka manispaa mwenyewe, kwa miguu, mbio, kabla hawajapanga jingine.

Jumanne, 31 Oktoba

Simu ya yule mama wa mbegu za alizeti. Mwezi umekwisha na nafasi iko tupu, hivyo imefutwa. Ofisi inakwenda kwa wawindaji. Nikasema nitapinga mpaka mahakamani. Akasema sawa, ila kwanza anisomee barua aliyotaka kunitajia Ijumaa. Akaisoma. Mitko aliileta asubuhi ile ile, mara tu aliposikia Ralitsa amesaini:

"Chama cha wawindaji kinaondoa ombi lake la ofisi. Binti yetu wa ndoa anafanya kazi pale, na mtu hamnyang'anyi mwanawe jiko."

Nikamwuliza kwa nini basi tunanyang'anywa. "Kwa sababu jana umemfukuza binti yake wa ndoa, na sababu ya barua hii imekwenda naye," akasema. Nikasikia ganda la mbegu linapasuka.

Jioni Mitko alikuja nyumbani, akakataa kukaa. Alisimama ukumbini anaizungusha kofia. Anasema Alhamisi, kabla ya wageni, Ralitsa alimbana jikoni, mikono imejaa wali, akamwambia: msimamizi, kazi ile naitaka kuliko kitu chochote, wakinichukua niahidi hutakigusa chumba chao. Akaahidi. "Wenzangu wamenicheka siku tatu, Mwalimu, wananiita bibi harusi. Nikawaambia ni neno la msimamizi, wakanyamaza. Leo wananiuliza: binti yuko wapi? Niwajibu nini? Nipe jibu nikawape." Zlatina alimpa kahawa, naye akainywa amesimama.

Yordanka ameanza kwa daktari wa meno tangu jana. Ralitsa amerudi dukani kwa mumewe. Plamen amechukuliwa na wawindaji kuutoa ukuta.

Maktaba itafunguliwa asubuhi peke yake, na Stoyna atakaa humo na koti. Aliniambia neno moja tu: "Walikuwa watatu, Mwalimu." Nikamwambia ndiyo, na ndiyo maana nilishuku. Akageuka akaanza kupanga vitabu ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa.

Jumatano, 1 Novemba

Leo ni Siku ya Waamshaji, sikukuu ya kila nyumba ya kusomea katika nchi hii. Naandika kutoka stoo ya mavazi nyuma ya jukwaa, nimekaa juu ya sanduku la mikanda ya ngoma. Hakuna jiko. Kuna harufu ya nondo waliokufa na wengine ambao bado. Hotuba yangu ilisikilizwa na watu tisa, na wawili kati yao walikuwa wanangoja kupitisha kichwa cha nguruwe.

Nimefikiri tangu asubuhi, na sasa naona vizuri. Ile barua ya Ijumaa ndiyo iliyokuwa mtego. Aliacha chumba ili nimchukue binti yake kwa amani, akaja Jumatatu saa sita juu ya alama na gudulia lake ili nimfukuze, kisha akaja kunihurumia ukumbini ili nisishuku. Hakuna mtu katika historia aliyewahi kuacha chumba chenye jiko kwa ajili ya ahadi. Nimetafuta. Hayupo.

Kosa langu ni moja, nalikiri kama mwanamume. Nililinda lango la mbele, na nyumba ina mlango wa jikoni. Tarehe 8 ni Malaika Mkuu Mikaeli, akina Mihail wote na akina Angel wote watapokea wageni. Nimekwisha kuona lundo zuri la kuni upande wa nyuma wa nyumba ya mmoja wao.

Kwa hiyo ninyi wajumbe wanne wa bodi ya "Zora", pamoja nawe Stoyna, haya nayanakili na kuyabandika mlangoni pa stoo. Nataka mtie saini dai la kurudishiwa nafasi yetu ya nusu siku. Na kabla hamjasaini, kila mmoja aniletee kwa maandishi, ifikapo Jumatatu: nani alisimamia ndoa yake, siku ya Mtakatifu Dimitri aliingia kwa mlango upi, na alichokula kilikunjwa na nani. Asiyejibu amejibu.

Na yeyote kati yenu anayemjua mtu awezaye kuandika muhtasari, asiye na msimamizi wala ndoa, asiye na jamaa hapa mjini wala ng'ambo ya mlima, aniletee jina lake mkononi, mimi mwenyewe. Lakini asiwe hodari sana. Hodari tumekwisha kuwaona.